“Mbona mimi nina mashavu?” Binti yangu hali, na muvi inamwambia haumwi

Shikamoo Anti,

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Majengo hapa Moshi. Nina kibanda karibu na stendi. Naingiza muvi na series kwenye flash na memori kadi, nauza na chaja na earphone. Mke wangu yuko Memorial kwenye mitumba. Ninayekuandikia habari zake ni binti yetu mkubwa, ana miaka 16, Januari anaingia kidato cha nne katika shule ya bweni upande wa Arusha.

Alirudi likizo mwanzoni mwa Desemba. Nilipomwona anashuka kwenye Coaster, kusema kweli nilifurahi. Tangu mdogo ni bonge, na wenzake walimtania sana kwa hilo. Safari hii kapungua, sketi ameikaza kiunoni kwa pini. Mama yake akasema makande ya shule yamemweza, tukacheka, tukapanda bodaboda.

Siku zilivyokwenda kicheko kikaisha. Unajua Moshi ya Desemba inavyochoma. Yeye anashinda na sweta la shule ndani ya nyumba, mikono ya baridi. Anapika kuliko mama yake: chapati, pilau, ndizi za nazi, anaangalia mapishi kwenye simu hadi usiku. Anawapakulia wadogo zake mpaka sahani inamwagika, halafu anasimama mlangoni anawatazama wanavyokula. Ukimwambia kaa nawe ule, anasema ameshaonja jikoni. Akibanwa akakaa, ndizi moja anaikatakata vipande vidogo vya kumlisha mtoto, anavizungusha kwenye mchuzi mpaka sisi tumalize. Jumatano na Ijumaa anafunga, anasema ni maombi kwa ajili ya mtihani wa mwakani. Na usiku akishakula kidogo anaingia bafuni, bomba linafunguliwa muda mrefu, na maji yetu ni ya bili.

Oktoba matroni alitupigia kwamba amezimia mstarini asubuhi. Walimpeleka zahanati, malaria hakuna, wakasema ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa. Alipofika nyumbani tukamnunulia nyingine. Sioni tofauti.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Laptop ya kibandani huwa narudi nayo nyumbani. Asubuhi moja nimeifungua, ikaniuliza kama niendelee na muvi pale ilipoachwa. Ilikuwa To the Bone. Mimi nilishaisahau. Niliiweka kwenye folda ya Keanu Reeves pamoja na zile za John Wick, na kuna wateja walikuja kunilalamikia kwamba muvi nzima hakuna hata ngumi moja. Ilikuwa imesimama mahali binti wa kwenye muvi anapimwa uzito, mwili wote mifupa. Nikaiangalia yote ili nijue ni kitu gani, kumbe ni ya msichana mwenye ugonjwa wa kujinyima chakula. Kesho yake nikaikuta imesimama palepale.

Nikamuuliza kwa upole kama naye ana ugonjwa ule. Akanijibu kwa upole vilevile: “Baba, ule ugonjwa una watu wake. Si umewaona wanavyokuwa? Mbona mimi nina mashavu?” Na kweli, Anti, mashavu anayo. Ukimweka pembeni ya yule wa kwenye muvi utaniona mimi ndiye mgonjwa.

Krismasi tulipanda Kibosho kwa bibi yao. Shangazi zake walimzunguka: umependeza, umekuwa modo, tupe siri. Mmoja aliponivuta pembeni ilikuwa kuniambia nimpime mimba; tulimpima kwa kipimo cha famasi, hana. Bibi anasema ametupiwa kitu shuleni, anataka tumwachie kwa maombi ya usiku. Mama yake yuko kwenye vidonda vya tumbo. Mimi nipo peke yangu na muvi yangu.

Nisaidie. Huu ugonjwa huwapata watoto wetu au ni wa Wazungu? Ni muvi ndiyo iliyomharibu? Niifute? Na shule zinakaribia kufunguliwa, nimwache aende?

Baba wa Majengo, Moshi

*

Marahaba, baba, na pole kwa likizo ya namna hii.

La kwanza ni hospitali, wiki hii, kabla ya shule na kabla ya maombi ya Kibosho. Mengine niliyoandika utayasoma ukiwa kwenye foleni. Mtoto aliyezimia mstarini, anayesikia baridi wakati watu wanatafuta kivuli, anayeingia bafuni kila baada ya kula, hasubiriwi akonde zaidi ndipo wazazi waamini. Hapo mjini mna KCMC na mna Mawenzi. Nenda mojawapo, wewe au mama yake, msimtume na mdogo wake.

Ukiingia kwa daktari usianze na vidonda vya tumbo, maana utatoka na dawa zilezile. Sema ulivyoniambia mimi: amepungua sana ndani ya muhula au miwili, anakwepa chakula kwa makusudi, alizimia Oktoba, tunahisi anajitapisha. Mama yake amuulize wakiwa wawili kama hedhi inakuja, kwa sababu kwa msichana anayejinyima mara nyingi hukatika, na daktari atataka kujua. Omba apimwe mapigo ya moyo na presha akiwa amelala, kisha akisimama. Moyo wa mtoto wa umri wake ukipiga chini ya mara 50 kwa dakika akiwa macho, huyo ni wa kulazwa. Omba pia ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na damu iangaliwe chumvi zake, hasa potasiamu. Anayejitapisha huipoteza potasiamu, na ikishuka sana moyo unaweza kupoteza mwendo wake bila onyo. Wakati huohuo wataangalia sukari, kifua kikuu, tezi ya shingo na virusi vya UKIMWI, kwa sababu hayo nayo hupunguza mwili na haifai kuyaruka. Yote yakirudi safi, usichukue majibu ukaenda zako. Omba aonwe na watu wa afya ya akili. Hapo ndipo ugonjwa huu unapotibiwa.

Akianza kutapika damu, kifua kikamuuma au akazimia tena, usingoje foleni ya asubuhi.

Sasa hayo mashavu.

Binti yako hakudanganyi, anaamini anachosema. Na wewe umeanza kumwamini kwa sababu mmeangalia muvi ileile. Lakini mtu anayejitapisha mara kwa mara, tezi zake za mate zilizo chini ya masikio zinaweza kuvimba, uso ukaonekana umejaa. Sisemi ndivyo ilivyo kwake, hilo daktari ataliona kwa kumshika. Ninachosema ni kwamba kile mnachokitumia wote wawili kuthibitisha kwamba ni mzima kinaweza kuwa mojawapo ya dalili.

Kuna na hili. Aliyeanza akiwa bonge akapungua kwa kasi, mwili wake unaweza kuwa kwenye hatari sawa na wa yule aliyebaki mifupa, ingawa ukimtazama barabarani unasema huyu sasa ndiyo amekaa vizuri. Madaktari wanalijua. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 unaitaja kabisa hali ya mtu mwenye dalili zote za anoreksia, ndilo jina la ugonjwa wa kwenye muvi, wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, amepungua sana, lakini uzito wake bado uko kwenye wastani au juu ya wastani. Watu wa namna hiyo huchelewa kutibiwa kwa sababu kila anayekutana nao anawapongeza.

Muvi haiwezi kumwonyesha mtu kama huyo, au niseme haitaki. Kamera inataka kitu cha kuona. Mtoto anayelala anahesabu alichokula mchana, anayeogopa kijiko cha mafuta, anayekataa kwenda kwenye send-off ya binamu yake kwa sababu kutakuwa na chakula, huyo hana picha. Mifupa ina picha. Tangu mwaka 1981, Wamarekani walipotengeneza filamu ya televisheni The Best Little Girl in the World, sura haijabadilika sana: binti wa Kizungu, familia inayojiweza, kioo, mizani, hospitali, mama analia, mwishoni kuna dalili ya matumaini. To the Bone ilitoka Netflix Julai 2017 na ilitengenezwa na watu wasio na nia mbaya hata kidogo. Marti Noxon, aliyeiandika na kuiongoza, aliugua ugonjwa huu ujanani. Lily Collins, anayeigiza yule binti, naye aliupitia akiwa kijana na ameuandika kwenye kitabu chake. Kisha akapunguza mwili ili aigize, na watu wengi wakamlaumu kwa hilo, mimi nikiwemo. Kilo alizopunguza sitaziandika, wala za mwigizaji wa 1981, kwa sababu najua kuna msichana anayesoma safu hii ambaye angezikariri.

Hapo ndipo kwenye kasoro kubwa ya filamu hizi. Wewe uliangalia ukaogopa. Mgonjwa anaangalia yale yale na anaona kiwango cha kufikia, anajilinganisha, anajikuta bado, anasema basi mimi siumwi, niongeze bidii. Ndiyo maana laptop inasimama palepale. Hafuatilii kisa, anakwenda kupima.

Na sisi kwenye Bongo muvi tusijione tumepona. Katika nyingi nilizoangalia, msichana akikonda ghafla majibu ni mawili: ana ugonjwa wa aibu, au amerogwa na mke mwenzie. Kwa hiyo bibi wa Kibosho na shangazi wa kipimo cha mimba nao walikuwa wanasoma hadithi waliyozoea. Kila mtu nyumbani kwenu alikuwa na muvi yake.

Umeniuliza kama ni ugonjwa wa Wazungu. Hapana. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanawake na wasichana wa Tanzania hii hii, na wapo waliokutwa na dalili zinazolingana na za ugonjwa wenyewe. Wachache, lakini wapo.

Kama ni muvi iliyomharibu, hapo nenda nami taratibu. Mwanaanthropolojia na daktari wa akili aitwaye Anne Becker alifanya kazi eneo la Nadroga huko Fiji, visiwa ambavyo desturi yao ilisifu mwili uliojaa na kumwonea huruma aliyepungua. Nadhani unaifahamu desturi hiyo, umezaliwa Uchagani. Televisheni ilifika kule mwaka 1995. Wasichana wa sekondari waliohojiwa muda mfupi baadaye, hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Na usidhani walikuwa wanaangalia filamu za ugonjwa huu. Walikuwa wanaangalia tamthilia za kawaida za nje, ambamo kila mwanamke mwenye mapenzi na kazi nzuri ni mwembamba na hakuna anayelitaja. Kwa hiyo ukitafuta mshitakiwa kwenye kibanda chako, si folda moja. Ongeza na simu, ongeza wenzake waliomtania kwa ubonge wake, ongeza “umekuwa modo, tupe siri”. Tena wasichana wengi wanaangalia hayo yote na wanakula ugali wao kama kawaida. Ugonjwa huu hutembea pia kwenye damu za ukoo, na mara nyingi mlango wake ni kujinyima kwenyewe: mtoto anaanza na diet kama wenzake, wenzake wanaacha, yeye anashindwa kuacha.

Hilo la kushindwa kuacha linanirudisha jikoni kwenu, maana maelezo yako ya pale mlangoni yalinigusa. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kilichukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, wakapunguziwa chakula kwa karibu miezi sita ili wataalamu wajue namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wanakufa njaa vitani. Hakuna aliyekuwa na shida ya mwili wake wala ya kioo. Lakini njaa ilipowaingia wakaanza kusoma vitabu vya mapishi, kukusanya mapishi, kuota chakula, kukivuta chakula kidogo kiishie baada ya muda mrefu. Walisikia baridi. Walijitenga, wakawa wakali na wenye huzuni. Wengine walisema wakitoka watakuwa wapishi. Mlinganishe na mtoto anayewapakulia wadogo zake na kusimama kuwatazama. Mnasema anapenda kupika. Ubongo wake una njaa, na hiyo ndiyo njia pekee aliyojiruhusu ya kukikaribia chakula.

Maana yake kwako ni hii: huwezi kumaliza kwanza mawazo yake kwa maneno, halafu ndipo ale. Sehemu kubwa ya mawazo yale inashikiliwa na njaa yenyewe. Chakula kinatangulia, mazungumzo yanafuata.

Na hapa muvi yako inaweza kukupoteza kuliko pale kwenye mizani. Yule daktari anayeigizwa na Keanu Reeves anapendeza, haringi, anaongea ukweli. Lakini dawa yake ni kusubiri: binti aachwe ashuke mpaka chini kabisa, huko chini achague mwenyewe kuishi. Familia inaitwa kwenye kikao kimoja, wanapigiana kelele, hawaitwi tena. Kwa hadithi inafaa. Kwa mtoto wa miaka 16 usithubutu. Ugonjwa huu uko kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na huko chini wapo ambao hawakurudi. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa vijana wa umri wake ilianzia London, kwenye hospitali ya Maudsley, miaka ya 1980, na inafanya kinyume kabisa cha daktari wa muvi. Inawaweka wazazi kwenye usukani wa chakula. Mtoto haamui kama atakula au kiasi gani, kwa sababu kwa sasa uamuzi huo unafanywa na ugonjwa. Baadaye, akipata nguvu, anarudishiwa kidogokidogo.

Kwa nyumba yenu itakuwa hivi, daktari akishasema moyo na damu vinaruhusu kuanza nyumbani. Nasisitiza hilo la daktari: aliyejinyima muda mrefu akishindiliwa chakula kingi ghafla, chumvi za damu zinaweza kuvurugika vibaya, kwa hiyo mwanzo ni wa taratibu, una kipimo chake na si wa kubahatisha kwa huruma. Mkishaambiwa kiasi, yeye asipike kwa sasa. Asipakue. Mama yake au wewe ndiye unayempakulia, mnakaa naye mezani mpaka sahani iishe, asubuhi, mchana, usiku, na kitu cha katikati. Mchana ndio mtihani, mmoja yuko stendi, mwingine Memorial. Gawaneni siku, au kibanda kifungwe saa saba hadi saa nane, wateja watazoea. Baada ya kula abaki na watu sebuleni kama saa nzima, bafuni kuwe kabla ya kula. Atalia. Atasema mnamchukia, atasema tumbo linapasuka, atakuambia mambo ambayo hajawahi kukuambia. Usibishane naye habari za mafuta wala uzito, wala usimkumbushe bei ya mchele. Sema sentensi moja na uirudie: “Najua ni ngumu, mama, nipo hapa, chukua kijiko kingine.” Kelele za mezani ni bora mzimeze nyie wakubwa mkazitapike mkiwa wawili chumbani.

Bibi usimpige vita, unamhitaji. Mwache amwombee, lakini mchana, baada ya chakula, na binti arudi kulala kwenu. Kisha mpe kazi anayoiweza kuliko nyie nyote: apike mtori, akae karibu ya mjukuu wake mpaka kikombe kiishe. Mwanamke aliyewalea wazazi uzazini kwa mtori anajua kukaa na mtu asiyetaka kumeza, na kwake yeye mtoto ataona aibu kufanya ujanja.

Kuhusu kufunga Jumatano na Ijumaa, kama nyie ni Wakatoliki kama Wakibosho wengi, nenda kwa padri wa parokia kabla binti hajaenda. Sheria ya Kanisa yenyewe inaanza kumdai mtu kufunga akifika miaka 18, na hata hapo mgonjwa hadaiwi. Ana miaka 16. Padri akimwambia kwa mdomo wake kwamba kwa mwaka huu sadaka yake ni kula alichopakuliwa, atakosa pa kujificha, na wewe hutaonekana baba anayepigana na sala.

Shangazi zake wapigie simu mwenyewe, mmoja mmoja, kabla hamjakutana tena. Waambie wasiutaje mwili wake, si kwa kuusifu wala kuusikitikia. “Sasa naona umerudi, umenawiri” nayo isisemwe. Kwa masikio yake, kunawiri ni kunenepa.

Sasa muvi. Usiifute kimyakimya. Atajua umemchunguza na ataitafuta kwenye simu ya mwenzake kwa dakika tano. Kaa naye, mwambie hivi kwa maneno yako: nimeiona unayoiangalia, nimeiona yote, sikuchukii kwa hilo. Nadhani inakuumiza kama kidonda kinachokunwa, kwa hiyo naiondoa hapa nyumbani mpaka upone. Ukitaka kuongea kuhusu yule binti tutaongea. Na umuulize kitu kimoja ambacho muvi haikumuuliza yule binti vya kutosha: unachoka? Wengi hawawezi kukubali kwamba wanaumwa, ila wakiulizwa kama wamechoka wanaanza kulia. Kama hataki kuongea na wewe wala mama yake, kuna namba ya bure ya watoto, 116, anaweza kupiga mwenyewe.

Kibandani itoe kwenye folda ya Keanu Reeves, kwanza kwa sababu unawadhulumu wapenda ngumi. Netflix wenyewe wameiwekea alama ya watu wazima. Msichana wa sare ya shule akiiomba kwa jina, usimuuzie, na usimfokee. Kumbuka tu sura yake. Suala la kama unazo haki za hizo muvi zote tutaliongea siku nyingine, leo una mzigo wa kutosha.

Limebaki la shule, na najua ndilo litakalowagombanisha nyumbani kwa sababu ni mwaka wa mtihani. Asirudi bweni mpaka daktari aseme anaweza. Ubongo wenye njaa hausomi, anakariri ukurasa uleule. Wiki mbili tatu za Januari zinafidika, mwalimu wake wa darasa anaweza kutuma kazi kwenye simu ya mama yake. Akiruhusiwa kurudi, nenda naye wewe mwenyewe na barua ya hospitali, muone mkuu wa shule na yule matroni aliyewapigia Oktoba. Mwambie matroni ugonjwa kwa jina lake, asije akadhani ni deko. Muombe binti akae meza iliyo karibu naye wakati wa kula, asikimbie mchakamchaka wala asicheze netiboli mpaka mtakapomwambia, na kabla ya kumruhusu kufunga na wenzake akupigie. Kama shule haiwezi kumwangalia hivyo, hata kwa nia nzuri, mtafutie ya kutwa hapo Moshi kwa mwaka huu mmoja, ale nyumbani. Ada uliyolipa idai mapema, barua ya hospitali ikiwa mkononi.